Wananiita mheshimiwa na bado sijaamua: nigombee udiwani au nibaki na majirani zangu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mshonaji wa sare za shule, na naishi Nakuru, upande wa magharibi wa mji. Mtaa wangu sitautaja, kwa sababu nikiutaja tu kila mtu atajua ni nani ameandika. Nimekaa hapa tangu niolewe. Kibanda changu cha cherehani kiko kando ya steji ya matatu, kwa hivyo anayeenda mjini ananisalimia na anayerudi ananisalimia. Wengi hukaa kidogo kwenye benchi langu wakaniachia habari za mtaa mzima.

Maisha haya nayapenda, Mjomba, wala sioni haya kusema hivyo. Jumamosi tuna chama chetu cha akina mama, na mimi ndiye katibu. Jumapili jioni vijana wetu wanacheza mpira, na jezi zinakaa kwangu kwa sababu nilizishona mimi. Kukiwa na msiba, daftari la matanga liko mkononi mwangu: nani ametoa mia mbili, nani hamsini, nani ameleta sukari, nani atalala na wafiwa. Ploti yetu ina Waluhya, Wakisii, Wakikuyu, Wakalenjin na Wajaluo. Krismasi, kabla sijawasha jiko, tayari mezani kuna mursik, kuna mukimo, kuna mboga ya saga. Siwezi kukueleza raha ya jambo hilo.

Sasa shida ilianza na maji. Mvua ya Aprili ikishika, maji yanatoka barabarani yanaingia nyumba za chini, na wenye watoto wanapandisha magodoro juu ya meza. Tulipochoka nikaandika majina ya watu, tukaenda kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Nikasimama nikauliza mtaro wetu uko ukurasa gani. Karatasi zikafunguliwa, zikapekuliwa. Ikaonekana hauko ukurasa wowote. Haukuwahi kuandikwa, na sababu ni kwamba sisi wenyewe hatukuwahi kufika kikaoni. Nikasema basi uandikwe leo, sisi tuko hapa, na sitaketi mpaka nione kalamu ikitembea. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo vijana wa bodaboda wananiita mheshimiwa. Mwanzoni ulikuwa mzaha, lakini sasa wazee wawili wamekuja nyumbani rasmi kuniambia nigombee udiwani 2027. Akina mama wa chama wamesema watanichangia. Akaja pia bwana mmoja anayejiita mtu wa chama cha siasa. Alinishauri nianze kutafuta pesa ya kahawa ya wazee, akaongeza kwamba nikiona kura ni ngumu, kuna viti vya akina mama vya kuteuliwa, mradi nijitokeze na watu wangu kwenye mikutano.

Mume wangu ni fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache. Alisikiliza yote, akasema, "Mimi nilioa mshonaji," kisha akaenda kulala. Rafiki yangu mkubwa, ambaye ndiye mhazini wa chama chetu, ana kaka anayetaka kiti hichohicho, na wao ni wa kabila jingine. Bado sijamwambia lolote, naye hajaniuliza, lakini siku hizi chai tunakunywa haraka. Kuna nyanya mmoja kwenye ploti ambaye Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alilala kituo cha polisi na wajukuu. Alinishika mkono akaniambia, "Mama, usitufanye tuanze tena kuulizana majina."

Na nikuambie ukweli wote: nikiitwa mheshimiwa, nafurahi. Narudi nyumbani nikijisikia mrefu kidogo. Hilo nalo linanitisha.

Je, nigombee? Pesa sina. Na nikigombea, haya ninayoyapenda yatabaki?

Mshonaji wa Steji, Nakuru

*

Marahaba, mpwa wangu.

Hiyo furaha ya kuitwa mheshimiwa isikutie hofu. Asiyefurahia kusifiwa na majirani zake sijamwona. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walikuwa wakiwachunga wasifiwa, na wewe umeanza kujichunga mwenyewe. Tuliache hapo, maana barua yako ina mambo mazito kuliko hilo.

Nataka turudi kwenye ule mtaro. Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu, nikapigia mstari kila mahali ulipofanya kazi inayofanana na ya mwakilishi wadi, yaani huyo diwani mnayemsema. Daftari la matanga sikulipigia mstari. Jezi, benchi na chama pia nimeviacha. Mstari umekwenda mahali pamoja tu: uliposimama ukauliza ukurasa, ukakataa kuketi mpaka kalamu itembee. Hayo mengine yote ni ujirani mwema, na ujirani mwema ndio unaowafanya watu wakupende. Ila kiti wanachokusukumia hakifanyi kazi ya ujirani. Ni kazi ya makaratasi, mpwa wangu, na watu hawakuambii hivyo kwa sababu hata wao hawajui.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inaeleza kazi ya mwakilishi wadi: akae karibu na watu wake, apeleke maoni yao, ahudhurie vikao vya bunge la kaunti na kamati zake. Kisha inaweka katazo ambalo wagombea hawalitaji kwenye mikutano: mwakilishi haruhusiwi kujiingiza, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za kaunti wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa. Maana yake, ukichaguliwa, mtaro hutauchimba wewe, na mkandarasi hutamteua wewe. Utapigia kura bajeti yenye mtaro ndani, halafu utamwandama mtendaji umwulize pesa ziko wapi na kazi imefika wapi. Kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kusimamia wanaoitumia, hiyo ndiyo ajira yenyewe.

Watu wa steji watakuja kwako na mengine kabisa. Atakuja mama saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mtoto amefukuzwa shule ya upili kwa ajili ya karo. Mwingine atakuja kwa sababu kijana wake ameshikwa na polisi. Ukilifungua Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya kaunti na serikali ya kitaifa, kaunti ina chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti na taa zake, maji na maji taka, kilimo, leseni za biashara. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, na polisi pia. Lakini nani atamweleza mama huyo habari za mgawanyo alfajiri hiyo, na mtoto amesimama pembeni na begi lake? Utaingiza mkono mfukoni. Na mfuko ni uleule wa mshonaji, mpaka mshahara uingie, na ukishaingia utakuwa na wenyewe wengi kuliko uwezavyo kuhesabu.

Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama unaweza kushinda, ijaribu kwanza kazi yenyewe. Inawezekana, na ni bure. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake waziwazi na liwashirikishe wananchi. Funga kibanda siku moja, panda matatu, ukakae pale wanapokaa wananchi usikilize kikao kizima. Nasema kizima, hata utakapochoka. Utasikia hoja ikisomwa, ikiahirishwa, mtu akisimama kwa jambo la nidhamu, mwingine akizungumza dakika nyingi bila kusema kitu. Ukitoka humo ukiwa umeboeka mpaka unaumwa kichwa, umepata jibu la thamani. Ukitoka umekasirika kwa sababu hukuruhusiwa kuuliza swali, hilo nalo ni jibu, tena ni jibu la aina nyingine.

Halafu fuata kalenda ya pesa, maana hapo ndipo mitaro inapozaliwa au kufa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na mradi usioingia humo unaanza safari yake ukiwa umechelewa. Waraka wa sera ya fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na bunge huyapitisha kabla ya Juni kwisha. Kikao mlichokwenda kilikuwa kituo kimoja tu cha safari hiyo. Andikeni ombi la maandishi lenye majina na sahihi, mlipeleke kabla ya mpango wa Septemba kufungwa. Nakala moja mpe msimamizi wa wadi, ambaye ni mtumishi wa kaunti na yupo hata diwani asipopatikana. Nakala nyingine mkabidhi karani wa bunge la kaunti. Haki ya kuliandikia bunge hilo ni ya mwananchi yeyote, na haihitaji cheo.

Hapa utaniuliza: ikiwa yote haya naweza kuyafanya nikiwa mshonaji, kiti cha nini? Ni swali zuri, na kwa watu wengi wanaoniandikia jibu langu huwa ni kwamba hawakihitaji kiti. Kwako sina hakika hivyo. Mwananchi huomba mtaro wake. Mwakilishi hupiga kura kuhusu mtaro wa kila mtu, na anaweza kumwita mhusika mbele ya kamati ajieleze. Baada ya kuipitia bajeti ya mwaka mmoja toka mwanzo hadi mwisho, utajua kama unachotaka ni mtaro wenu uchimbwe au ni kukaa mahali penye uwezo wa kuuliza kuhusu mitaro yote ya Nakuru. Ukiona ni ule wa kwenu tu, pigania huo, ukichimbwa ushone sare zako kwa amani.

Tuje kwenye pesa, ulizozitaja kwa neno moja tu: sina. Ada ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, kwa mgombea wa wadi ni shilingi 5,000, na mwanamke hulipa nusu, 2,500. Usidanganyike na wepesi huo, kwa kuwa hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Piga hesabu ya mawakala peke yake. Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700. Wadi yenye wapiga kura 14,000 ina vituo visivyopungua 20, na kila kimoja kinataka wakala wako anayekaa macho tangu alfajiri mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Anahitaji chakula, nauli na kitu cha kumfanya asinunuliwe saa nane usiku. Hapo hujachapisha bango hata moja, hujakodi spika, hujaweka mafuta kwenye pikipiki yoyote. Ada za chama kwa anayetaka tiketi nazo huwa mbali na za IEBC.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, na wewe itakuumiza zaidi kuliko mwingine: matanga. Leo ukienda kwa wafiwa unatoa mia mbili, unaosha sufuria, unalala hapo, na wanakumbuka kwamba ulilala. Ukishatangaza, utapewa maikrofoni. Ukitoa mia mbili watasema huyu naye anataka kiti kwa mia mbili. Ukitoa elfu tano, nyumba ya jirani iliyofiwa wiki iliyopita itauliza kwa nini yao ilipata mia mbili. Shauri langu ni mkae wewe na mume wako, mpange kiasi kimoja, kidogo, ambacho kila nyumba ya msiba itapata bila kujali ni ya nani, na usikivuke hata ukichekwa. Sufuria endelea kuosha. Hakuna sheria inayomkataza mgombea kuosha sufuria, ijapokuwa wapambe wako watakuambia unajishusha.

Kumpa mpiga kura pesa au zawadi ili akuchague ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Najua unavyonitazama. Najua tunavyoishi. Lakini yule bwana wa pesa ya kahawa alipokuja kwako hakukuuliza habari za mtaro hata kidogo, na hilo lilikutosha kumjua. Akirudi, mwombe barua ya chama inayoonyesha cheo chake, na umwambie malipo yoyote utayafanya ofisini kwa risiti. Nadhani hutamwona tena.

Viti vya kuteuliwa alivyovitaja vipo kweli. Katiba haitaki jinsia moja ipite theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti, kwa hivyo baada ya uchaguzi viti huongezwa na kugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda, kutoka kwenye orodha ambayo chama kilikabidhi IEBC kabla ya kura. Orodha hiyo hupangwa na wakubwa wa chama, na hapo steji, mtu wa kuahidi nafasi humo hayupo. Anayekuambia leta watu kwenye mikutano utaingizwa anataka watu wa kumjazia mikutano.

Wengine watakuambia kiti cha wadi si cha mwanamke, na ukweli ni kwamba bado tuko wachache wa kuwapigia wanawake kura. Mwaka 2017 wanawake waliochaguliwa wadi zote 1,450 za nchi hii walikuwa 96, na mwaka 2022 wakafika 115. Ni kidogo mno. Lakini wewe uko Nakuru, ambako Susan Kihika alianza kuwa spika wa bunge la kaunti 2013, akawa seneta 2017, kisha gavana 2022. Hoja ya kwamba wapiga kura wa Nakuru hawawezi kumchagua mwanamke imekwisha makali. Hoja ya digrii nayo isikusumbue, kwani sharti hilo lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2021 kwa upande wa wawakilishi wa wadi.

Ukiona vyama vinakuchosha, mlango wa mgombea huru upo. Unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi yako, na uwe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo hesabu nyuma. Jambo moja la kuangalia mapema sana: ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, utazame kwenye rekodi za Msajili wa Vyama kama jina lako limeandikwa chama fulani bila wewe kujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvipigia hata hodi. Usije ukaligundua lako siku ya kupeleka makaratasi.

Sasa nataka tuzungumze kuhusu lile daftari. Nimelifikiria kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Wewe ni katibu wa chama, na ndiwe unayeandika michango ya misiba. Siku utakayoamua kugombea, kabla hujamwambia mtu wa nje, likabidhi. Lipigwe hesabu mbele ya wanachama, kila mmoja aone jina lake na pesa zake, na mtu mwingine aanze ukurasa mpya. Ukatibu nao uache. Usingoje uambiwe. Pesa za akina mama zikichanganyika na kampeni hata kwa fununu tu, chama kitavunjika hata ukishinda, na wanaosema leo watakuchangia ndio watakaouliza kesho kama mchango wa msiba wa fulani ndio uliochapisha mabango. Hata mchango wao wa kampeni usipite kwenye akaunti ya chama. Ufunguliwe akaunti yake, na mtunzaji awe mtu asiyekula Krismasi kwako.

Uliniuliza kama unayoyapenda yatabaki. Daftari hilo halitabaki. Benchi litabaki, lakini watakaolikalia watabadilika. Waliokuwa wakija kupumzisha miguu watawapisha wanaokuja kuomba, na siku utakapotaka umbea wa kawaida tu hutaupata kwa urahisi, kwa kuwa watu hupima maneno mbele ya mheshimiwa. Mpira utaendelea, ila utaombwa mipira mipya. Krismasi sidhani itabadilika, kama hutakubali watu wa kampeni waijaze nyumba. Hiyo ndiyo bei, na ni wewe tu unayeweza kusema kama ni ghali. Kwangu mimi ingekuwa ghali. Mimi ni mzee ninayependa umbea.

Yule nyanya asichukuliwe kama mwoga. Aliyelala kituo cha polisi na wajukuu ana haki ya kusikia jina la mgombea na kuanza kuhesabu makabila, maana Nakuru ya Januari 2008 iliwatoa watu kwenye nyumba walizokuwa wakikopeshana chumvi. Lakini hofu yake haiponi kwa wewe kukaa nyumbani. Kiti kitagombewa tu, na huenda na watu wasio na ploti yenye mursik na mukimo meza moja. La kufanya ni hili: kabla ya kutangaza, andika majina ya watu ambao wangekaa nawe kupanga kampeni, wale wa kweli, wa kushinda nawe mpaka usiku. Ukikuta wote wanaweza kunong'ona kwa lugha moja ambayo jirani yako haielewi, usiendelee. Ukikuta majina yamechanganyika bila wewe kuyalazimisha, mpelekee yule nyanya orodha hiyo umsomee. Yeye atajua.

Na mume wako. "Nilioa mshonaji" ni maneno machache yanayoweza kubeba mambo mengi, na wewe umeyachukua kama kukataa. Hujamuuliza. Inawezekana anaogopa mkopo. Inawezekana anaogopa simu za usiku na wanaume usiowajua sebuleni. Inawezekana pia anajua jinsi mgombea wa kike anavyotukanwa, kwamba mpinzani akikosa la kusema kuhusu bajeti husema kuhusu ndoa yake, na kwamba jina litakalotajwa kwenye magenge ni lake yeye fundi. Hofu hizo zinatofautiana, na kila moja ina dawa yake. Ile ya mkopo itibu kwa kuweka kiwango: kiasi ambacho mkikipoteza watoto wataendelea kusoma, na cherehani wala ploti haviguswi. Ile ya matusi haina dawa kamili. Mwambie wazi kwamba yatakuja, mkubaliane nani atajibu na nani atanyamaza. Asipokubali baada ya mazungumzo ya kweli, mimi nisingekushauri uendelee. Kampeni inayoanza na nyumba iliyonuna huisha vibaya hata kwa mshindi.

Jibu langu basi: usitangaze sasa. Wanaokuita mheshimiwa waambie bado unashona, na ushone kweli. Jipe mpaka Desemba 2026. Kabla ya hapo uwe umekaa kwenye kikao cha bunge la kaunti, umeona kama mtaro umeingia katika mpango wa Septemba, umezungumza na fundi wako, na umeandika ile orodha. Ikifika Desemba ukiwa bado unataka kujua pesa za wadi yako ziko ukurasa gani, likabidhi daftari ugombee, nami nitakuandikia kuhusu kura za mchujo, maana hizo ni vita peke yake. Ikifika Desemba na kilichobaki ni ile raha ya kujisikia mrefu kidogo, basi majirani tayari wamekupa hiyo bila gharama.

Limebaki jambo la mhazini wako, na hilo halingoji Desemba. Yeye anajua. Mtaa mzima unaita mheshimiwa kando ya steji, angekosaje kujua? Kinachoharakisha chai yenu ni ukimya wako, maana kugombea bado hujagombea. Nenda kwake, usimwite kwako, na ukamwambie kabla hujamaliza kikombe: nimeombwa, sijaamua, nikiamua wewe utakuwa wa kwanza kujua, na hutalazimika kuchagua kati yangu na kaka yako. Mwambie pia kwamba kura yake ni ya kaka yake na hutamuuliza. Kisha mpe nafasi aseme lake, hata likiwa chungu.

Mjomba